Kamera Moja, Kazi Tatu: Picha Mubashara za Droni kwa Somo la Jiografia

Kila boom linapotoka, kuna mjadala unaorudi kwenye mageto yetu hapa Mtendeni. Mmoja ana kamera ndogo ya mtumba ya aina ya GoPro. Mwingine ana droni ya zamani isiyo na kamera. Wote wanauliza: tukivifunga pamoja, tutapata picha mubashara kutoka angani? Au tuchangishane tununue kitu kingine?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana. Jibu refu ni kwamba inategemea nani anaitazama hiyo picha. Wengi wanaingia hasara kwa sababu swali hilo hawajiulizi kabla ya kutoa hela. Makala hii inalijibu kwa mtazamo wa mwanachuo wa ualimu. Yaani, hatutafuti video ya harusi wala ya kutamba mtandaoni. Tunatafuta zana ya kufundishia ambayo haitamuumiza mtu, haitatuingiza matatani, na haitamaliza hela ya chakula.

1. Kwa nini mwalimu ahangaike na droni?

Katika Jiografia ya sekondari tuliyosoma wengi wetu kuna mada ya kusoma na kufasiri picha. Mwanafunzi anatakiwa kutofautisha picha za aina tatu: iliyopigwa kutoka ardhini, ya angani ya mshazari, na ya angani ya wima. Tuseme ukweli, wengi tulikariri. Tuliandika kwamba "katika picha ya wima kamera huelekezwa chini moja kwa moja," tukapata alama, tukasonga mbele. Hatukuwahi kuliona paa la shule yetu likigeuka kuwa mstatili, wala mwembe uliotupa kivuli utoto wetu wote ukigeuka kuwa duara la kijani.

Tabora ni mahali pazuri mno pa kufundishia mada hii. Mji huu ulikuwa njiapanda ya misafara. Njia kutoka Bagamoyo ilifika hapa, kisha ikagawanyika: moja kuelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Miembe iliyoachwa na zama hizo bado ni alama ya njia. Jina la Mtendeni nalo linatutajia mtende. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mji ukapata sura nyingine. Kule Kwihara kuna tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Tembe ni jengo la pembe nne linalozunguka uwanja wa ndani, na umbo hilo hulioni vizuri ukiwa umesimama mlangoni. Ukiwa juu unaliona mara moja.

Kwa hiyo hoja ni ya kielimu kabisa. Mtoto aliyezaliwa Ng'ambo, Isevya au Kanyenye anaweza kujifunza kusoma picha ya angani kwa kutumia mahali anapopajua kwa miguu yake, badala ya kutumia picha hafifu ya nchi asiyoijua iliyotolewa fotokopi mara kumi.

2. Kamera hizi zilifikaje juu ya droni?

Kamera ya GoPro haikutengenezwa kwa ajili ya kuruka. Mwanzilishi wake, Nick Woodman wa Marekani, alikuwa mpenzi wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Alitaka kamera ya kufungwa mkononi, ndogo na isiyoogopa maji. Ya kwanza, ya mwaka 2004, ilitumia filamu ya milimita 35. Za kidijitali zilifuata.

Droni ya DJI Phantom ilipoingia sokoni mwaka 2013 haikuwa na kamera yake yenyewe. Ilikuja na kishikio cha kufungia GoPro. Hapo ndipo ndoa ya vifaa hivi viwili ilipoenea duniani. Kamera za miaka ile zilikuwa na uzito wa chini ya gramu 100, zilivumilia vumbi na mtikisiko, na baadhi zilikuwa na tundu la kutoa picha kwa waya. Watu wakachukua picha ile, wakaiunganisha na transmita ndogo, wakaitazama kwenye skrini huku chini.

Baadaye kampuni za droni zikaanza kuweka kamera zao ndani ya droni yenyewe. GoPro nao wakajaribu kutengeneza droni yao, Karma, mwaka 2016. Muda mfupi baada ya kuanza kuuzwa, takribani droni 2,500 zilirudishwa kiwandani kwa sababu baadhi zilikuwa zinapoteza umeme zikiwa angani. Tatizo lilikuwa kwenye kishikio cha betri. Januari 2018 kampuni ikatangaza kuachana na biashara ya droni. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu moja: kampuni kubwa yenye wahandisi wake iliangushwa na betri kutoshika vizuri. Sisi tunaofunga vitu kwa mpira na gundi tuna sababu zaidi ya kuwa makini.

3. Kazi tatu, watazamaji watatu

Hapa ndipo kiini cha somo kilipo. Tunaposema "kamera ya droni" tunachanganya kazi tatu tofauti.

Kazi ya kwanza ni macho ya rubani. Rubani anatazama skrini au miwani ya video na kuongoza droni kwa kile anachokiona. Hapa ubora wa rangi si muhimu. Muhimu ni picha kufika bila kuchelewa, na isikatike ghafla.

Kazi ya pili ni kumbukumbu. Hii ni video inayobaki kwenye memori kadi ili itazamwe baadaye. Hapa ubora ndio kila kitu, na kuchelewa hakuna maana yoyote.

Kazi ya tatu ni darasa. Wanafunzi 60 wamekaa mbele ya televisheni au projekta, wanaona mji wao kutoka juu wakati uleule. Hapa picha inatakiwa ionekane vizuri kiasi. Ikichelewa nusu sekunde, hakuna atakayejua.

Sasa angalia kamera yetu ya mtumba. Kazi ya pili inaiweza vizuri sana. Ndiyo iliyozaliwa nayo. Kazi ya tatu inaiweza pia. Kazi ya kwanza ndiyo inayoisumbua, kwa sababu kamera ya kurekodi huichakata kila picha kabla ya kuitoa nje: inarekebisha rangi, inabana data, inaandika kwenye kadi. Ndiyo maana wanaorusha droni za mashindano huweka kamera mbili: moja ndogo sana ya kurukia, na nyingine ya kurekodi tu.

Kwa hiyo mpango ninaoupendekeza kwa vikundi vyetu ni huu: rubani aiangalie droni yenyewe kwa macho yake, darasa liangalie skrini. Ukigawa kazi hivyo, kamera ya mtumba inatosha. Ukitaka rubani naye aongoze kwa kutazama picha ya kamera hiyohiyo, umeingia kwenye gharama na hatari nyingine kabisa.

4. Njia za kuitoa picha kwenye kamera

Njia ya kwanza ni Wi-Fi ya kamera yenyewe, ukitazama kwenye simu. Ni rahisi na haina waya. Lakini picha huchelewa sana, wakati mwingine sekunde nzima au zaidi, na umbali wake ni mfupi. Kuna tatizo kubwa zaidi: Wi-Fi ya kamera nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na rimoti nyingi za droni hutumia masafa hayohayo. Kamera ikiwa imefungwa sentimita chache kutoka kwenye risiva ya droni, ni kama mtu anayekupigia kelele sikioni wakati unajaribu kumsikiliza mwingine aliye mbali. Droni inaweza kupoteza mawasiliano mapema. Ushauri: zima Wi-Fi ya kamera kabla ya kuruka.

Njia ya pili ni waya wa picha ya analogi. Baadhi ya kamera za zamani hutoa picha hii kupitia tundu la USB kwa waya maalumu. Ni ishara ileile iliyokuwa inaingia kwenye televisheni za chogo kwa kile kichomeo cha njano. Waya unaingia kwenye transmita ya gigahezi 5.8, na chini unakuwa na risiva inayotoa picha kwenda kwenye televisheni. Ndiyo njia inayotufaa sisi. Kabla ya kununua waya, soma kitabu cha maelekezo cha kamera yako, kwa sababu si kila toleo lina uwezo huo, na baadhi hukata picha ya nje zikianza kurekodi kwa ubora wa juu. Jaribu mezani kwanza: rekodi huku ukitazama kwenye televisheni. Ikizima, punguza ubora wa kurekodi ujaribu tena.

Njia ya tatu ni HDMI. Ubora ni mzuri, ila transmita zake ni ghali au nzito kwa droni ndogo. Waya wa HDMI nao huweza kutoa kelele za redio zinazoisumbua risiva ya GPS ikiwa karibu.

Njia ya nne ni mifumo ya kidijitali iliyotengenezwa mahususi kwa kurukia, yenye kamera na transmita zake. Hiyo ni bora kuliko zote, lakini ukifika huko hutumii tena kamera yako ya mtumba. Umenunua mfumo mwingine.

5. Pima ucheleweshaji mwenyewe

Kila chombo cha habari kina ucheleweshaji wake. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Kwihara Juni. Barua iliyosafiri na msafara kama ule ilikuwa imezeeka miezi mitatu kabla ya kusomwa. Kwa droni tunahesabu sehemu za sekunde, lakini kanuni ni ileile: unachokiona ni jambo lililokwisha kupita.

Hesabu yake ni ya kidato cha kwanza. Umbali ni mwendo kuzidisha muda. Droni ikienda mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa, yaani mwendo wa bodaboda mjini, basi:

Picha ikichelewa sekunde 0.05, droni iko nusu mita mbele ya unachokiona.
Ikichelewa sekunde 0.2, iko mita 2 mbele.
Ikichelewa sekunde 1, iko mita 10 mbele.

Mita 10 ni upana wa barabara. Kwenye skrini bado unauona mwembe uko mbele yako, kumbe droni imeshaugonga.

Kupima ni rahisi, na hakuhitaji kuruka. Washa saa ya kupimia mbio kwenye simu moja. Ielekeze kamera ya droni kwenye simu hiyo, na picha yake itokee kwenye televisheni iliyo pembeni. Kwa simu ya pili, piga picha moja inayoonyesha vyote viwili: simu yenye saa na televisheni. Saa itasoma, tuseme, 12.48, na televisheni itaonyesha 12.33. Toa: ucheleweshaji ni sekunde 0.15. Rudia mara kumi, tafuta wastani, kwa sababu skrini nyingi hubadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde na kipimo kimoja kinaweza kukudanganya kidogo.

Jaribio hili peke yake ni somo zuri la Fizikia na Hisabati. Lina kipimo, makosa ya kipimo, wastani na matumizi. Kikundi kisichokuwa na droni kabisa kinaweza kulifanya kwa kamera na waya tu.

6. Miembe, antena na chenga

Transmita ya gigahezi 5.8 hutoa mawimbi yenye urefu wa sentimita 5 hivi. Mawimbi mafupi namna hiyo hayapendi vizuizi. Majani yana maji, na maji hunyonya mawimbi haya. Mwembe mmoja mkubwa wenye majani mazito ukikaa kati ya antena yako na droni, picha itaharibika hata kama droni iko karibu. Mji wetu umejaa miembe, kwa hiyo chagua mahali pa kusimama kwanza, halafu ndipo uchague pa kuruka. Uwanja wa mpira wa shule ni bora kuliko uchochoro wowote.

Kuna mambo matatu ya kukumbuka kuhusu antena.

Kwanza, usiwashe transmita ya video bila antena. Nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani na inaweza kuiunguza.

Pili, antena ya fimbo hutoa mawimbi kwa ubavu, siyo kwa ncha. Droni ikiwa juu ya kichwa chako kabisa, ncha ya antena inakuelekea, na picha inaweza kudhoofika hapohapo. Kwa hiyo, ukitaka picha ya wima ya kiwanja, darasa na risiva vikae pembeni, visikae chini ya droni. Hilo linaafikiana na usalama: droni haitakiwi kuwa juu ya vichwa vya watoto.

Tatu, kuongeza nguvu si dawa ya kila kitu. Kwenye eneo la wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo. Ili kuongeza umbali mara mbili unahitaji nguvu mara nne. Ni nafuu zaidi kupandisha antena ya chini kwenye mti wa mita tatu, mbali na paa la bati, kuliko kununua transmita kubwa.

Kuhusu televisheni, kuna siri ambayo mafundi wa zamani wanaijua. Televisheni ya chogo ikipata ishara dhaifu huonyesha chenga, lakini bado unaona umbo la kitu. Televisheni nyingi bapa na baadhi ya projekta, ishara ikidhoofika kidogo tu, huweka skrini ya bluu, picha ikapotea yote. Kwa picha ya analogi, chogo lililotupwa stoo linaweza kukufaa kuliko skrini mpya. Chenga ni onyo: zikizidi, mwambie rubani asogee karibu.

7. Umeme, uzito na hewa ya Tabora

Droni nyingi za kujifungia hutumia betri ya seli tatu, ambayo ikijaa hufika volti 12.6. Kamera inataka volti 5. Ukiunganisha moja kwa moja, umeiua. Weka kipunguza umeme kinachotoa volti 5, au uiache kamera itumie betri yake ya ndani. Kwa safari fupi za dakika kumi, betri ya ndani inatosha na inapunguza matatizo.

Ukiona mistari inayotembea kwenye picha kila mota zinapoongeza kasi, hiyo ni kelele ya umeme. Transmita na mota vinagombania betri moja. Kichujio kidogo cha koili na kapasita kwenye waya wa umeme wa transmita husaidia. Ukiona picha inatetemeka kama uji mwepesi, hilo ni tatizo lingine: mtikisiko wa panga. Sawazisha panga na uweke raba laini chini ya kamera.

Zima pia ile sehemu ya kamera inayojizima yenyewe baada ya dakika kadhaa. Wengi huisahau, halafu picha inakatika katikati ya somo.

Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kwa kama asilimia 11 kuliko pwani, na mchana wa jua kali inazidi kuwa nyepesi. Panga zinafanya kazi zaidi kubeba uzito uleule, kwa hiyo muda wa kuruka unapungua. Usiamini dakika zilizoandikwa kwenye boksi. Ruka asubuhi, pima muda wako mwenyewe, na ushuke betri ikiwa bado na theluthi moja.

8. Hodi kwanza

Kuna watu wanadhani droni ndogo ni kama kishada, unaruka tu. Siyo. Tanzania ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Droni inasajiliwa na kurusha kunahitaji kibali, na suala la usalama linapitia wizara inayohusika na ulinzi. Kiwanja cha ndege cha Tabora hakiko mbali na mji, na ndege zenye abiria hutua hapo. Kwa vifaa vya redio, wa kuulizwa ni TCRA. Mwanachuo asianze mwenyewe: barua ipitie chuo na shule husika, na iende mapema, siyo wiki ya mazoezi ya kufundisha. Kwa Kwihara, waombwe pia wasimamizi wa makumbusho.

Kibali cha serikali kikipatikana, bado kuna kibali cha majirani. Nyumba zetu zina ua, na ua una maana yake. Mama anafua, binti anasuka nywele, mzee anatawadha. Ukuta umejengwa ili mpita njia asichungulie. Kamera inayopita juu inauvuka ukuta huo bila kupiga hodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu, lakini hata kabla ya sheria hiyo adabu yetu ilikuwepo. Mwambie mwenyekiti wa mtaa. Taja siku, saa na eneo. Ruka juu ya kiwanja, siyo juu ya nyua. Na kwa kuwa picha ni mubashara, kumbuka kwamba hakuna nafasi ya kukata kipande kibaya kabla watoto 60 hawajakiona.

Pia tujifunze kwa waliotutangulia. Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa droni ili kutengeneza ramani, na wanachuo wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Kwenye Ziwa Victoria, mwaka 2018, ilitangazwa kazi ya majaribio ya droni iliyopeleka dawa kisiwani Ukerewe, safari ya kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Kazi zote mbili zilitegemea njia iliyopangwa kabla ya kuruka, siyo rubani anayebahatisha huku akitazama video. Na sisi tupange kwanza: tuchore njia kwenye karatasi, tuitembee kwa miguu, ndipo turuke.

9. Andalio la somo: dakika 80

Lengo mahususi: mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kutofautisha picha ya ardhini, ya mshazari na ya wima kwa kutumia eneo la shule yake, na kukadiria skeli ya picha ya wima.

Zana: droni yenye kamera, risiva, televisheni, kamba ya mita 20 yenye rangi nyeupe, karatasi, rula.

Dakika 15 za kwanza: wanafunzi wanachora ramani ya shule yao kutoka kichwani. Usiwasahihishe.

Dakika 10 zinazofuata: wapige picha ya ardhini kwa simu. Waulize, nini kimefichwa nyuma ya nini?

Dakika 15: droni inapanda kando ya kiwanja. Kamera ikiinamishwa kidogo tu, upeo wa macho unaonekana: huo ni mshazari mkubwa. Ikiinamishwa zaidi, upeo unapotea: mshazari mdogo. Ikielekea chini kabisa: wima. Kwa kuwa kamera yetu haigeuki yenyewe ikiwa angani, shuka ubadilishe kishikio kila mara. Ni usumbufu, lakini wanafunzi wanapata muda wa kuandika. Rubani haangalii skrini hata mara moja, na ana msaidizi pembeni anayeangalia anga na watu.

Dakika 20: simamisha picha moja ya wima iliyorekodiwa. Kamba ya mita 20 ilikuwa imelazwa kiwanjani. Ikiwa kwenye picha iliyochapishwa, au iliyonakiliwa kwenye karatasi, kamba ina urefu wa sentimita 10, basi sentimita 1 ni mita 2, na skeli ni 1:200. Waulize upana wa kiwanja. Wakapime kwa hatua waone kama wamekaribia. Angalizo: lenzi pana ya kamera hizi hupinda mistari ya pembeni, kwa hiyo kamba ikae katikati ya picha, na kama kamera ina chaguo la mwonekano mwembamba, itumie.

Dakika 20 za mwisho: warudi kwenye ramani walizochora mwanzoni na wazirekebishe wenyewe.

Mwanafunzi asiyepata nafasi ya kugusa rimoti hajapungukiwa. Kazi ya somo ni kusoma picha, siyo kurusha chombo.

10. Tununue nini, basi?

Kama kikundi kina kamera na droni tayari, nunueni kwa utaratibu huu: waya wa picha unaoendana na toleo la kamera, transmita ndogo na risiva, kipunguza umeme, betri ya akiba. Televisheni muazime. Msinunue miwani ya video. Anayeivaa haoni anga wala watoto wanaokimbilia kiwanjani, na somo letu halimhitaji.

Kama hamna droni bado, msikimbilie kununua. Fungeni kamera kwenye mti mrefu wa mianzi, mita sita au saba, muunganishe waya kwenye televisheni, na mfundishe picha ya mshazari na ya wima juu ya bustani ya shule. Somo lilelile, skeli ileile, na mti wa mianzi hauna betri ya kuisha.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini picha inayochelewa sekunde 0.3 inafaa kwa darasa lakini haimfai rubani.
2. Droni inakwenda mita 8 kwa sekunde na picha inachelewa sekunde 0.25. Droni iko mita ngapi mbele ya inapoonekana?
3. Transmita inafika mita 200 kwenye eneo la wazi. Nguvu iongezwe mara ngapi ili ifike mita 600?
4. Taja sababu mbili za kutoliweka darasa chini ya droni.
5. Chora tembe kama linavyoonekana kwenye picha ya ardhini na kwenye picha ya wima. Ni sehemu gani inayoonekana kwenye moja tu?

Majibu ya swali la 2 na la 3 ni mita 2 na mara 9. Mengine jadilianeni getoni.